Kusubu Bildi ya Risasi Nyumbani na Kuitia Shahamu

Mvuvi anayetoka Sahare au Mwarongo, pwani ya Tanga, kwa ngalawa isiyo na mtambo wa kupimia kina hujua umbali wa chini kwa kuteremsha kitu kizito chenye kamba, yaani bildi. Kina peke yake, hata hivyo, ni nusu tu ya habari, kwa kuwa pima 12 (pima moja ni kama mita 1.8) juu ya mchanga si sawa na pima 12 juu ya matumbawe, si kwa nanga, si kwa mshipi, wala si kwa samaki anayetarajiwa kula chambo. Nusu ya pili huletwa na shahamu, yaani mafuta magumu ya mnyama, iliyoshindiliwa kwenye kitako cha bildi, ambayo hunasa chembe za chini na kupanda nazo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, bildi ya kilo 1.5 kwa vyombo vya kuungaunga vinavyopatikana mjini Tanga, na zaidi ya hapo unaeleza namna ya kuiandaa shahamu yenyewe na kuitia, kwa sababu hapo ndipo kazi hii huharibikia. Watu humaliza nguvu zao kwenye moto na risasi, kisha wakapaka mafuta yoyote yaliyo karibu, na bildi ikapanda safi kana kwamba haikugusa chochote.

Njia hiihii hufaa kwa chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, isipokuwa chubwi haina haja ya shimo la kitakoni.

Madini yenyewe na hatari yake

Risasi huchaguliwa kwa uzito wake. Sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 11.3, na ikizama baharini hupoteza asilimia 9 tu ya uzito huo, ilhali jiwe la kawaida hupoteza karibu asilimia 40. Ndiyo maana jiwe lililoonekana zito mkononi hubebwa na mkondo siku za bamvua, maji yanapokwenda kwa nguvu, na kamba ikalala mshazari hata hesabu ya pima isiaminike. Zaidi ya hayo, risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, na ikipoa ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu.

Pamoja na wema huo wote, risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa vumbi linalomezwa na kwa moshi unaovutwa, hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi, na kwa watoto huharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kazi hii haifanywi uani ambapo watoto wanacheza, wala jikoni, wala karibu na mjamzito, na chombo kilichoyeyushia risasi hakirudi kupikia chakula kamwe, hata kikisuguliwa namna gani.

Chanzo cha risasi ndilo jambo la kwanza la kuamua. Kwa wauza vyuma chakavu hupatikana maganda ya nyaya kuukuu za umeme na za simu, mabomba ya zamani na chubwi zilizotupwa, na kwenye gereji hupatikana vipande vya kusawazishia magurudumu. Vipande hivi vya gereji vina mchanganyiko: vingine ni risasi, vingine ni zinki au chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, kwa hiyo moto ukidhibitiwa huelea juu bila kuyeyuka na huopolewa pamoja na vibanio vya chuma. Moto ukizidi, huchanganyika na risasi na kuifanya nzito kumimina, yenye madonge. Ni rahisi zaidi kuvitenga mapema, kwani kipande cha risasi hukwaruzika kwa ukucha au huacha alama kikikatwa kwa koleo, na cha zinki hukataa.

Betri za magari zisiguswe. Watu huzikimbilia kwa sababu ni nyingi na ni rahisi kupatikana, lakini sahani zake zina chumvi za risasi zilizolowana asidi, na pia madini mengine ambayo yakichomwa na kukutana na unyevu hutoa gesi zinazoweza kuua. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na udongo uliochafuliwa na risasi ya betri. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri, na Phyllis Omido, aliyeongoza kudai haki yao, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Anayetaka bildi moja hana sababu ya kujiingiza huko.

Kalibu ya udongo

Bildi ni mche mrefu, mwembamba juu penye tundu la kamba na mpana chini penye shimo la shahamu. Kwa kilo 1.5 tunahitaji ujazo wa sentimita 132 hivi, nao hupatikana kwa mche wenye urefu wa sentimita 14 na kipenyo cha wastani cha sentimita 3.5. Chonga kiolezo cha mti wa umbo hilo, kikiwa na kipenyo cha sentimita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, ukilainishe vizuri kwa msasa. Wembamba huu wa upande mmoja si pambo: ndio utakaoiwezesha bildi kutoka kwenye kalibu ikigeuzwa na kugongwa.

Kanda udongo wa mfinyanzi pamoja na mchanga mwembamba, robo ya mchanga kwa robo tatu za udongo, ili usipasuke ukikauka. Simamisha kiolezo, upande mwembamba ukiwa chini, na ujenge udongo kukizunguka kwa unene wa vidole viwili, na chini yake vivyo hivyo. Karibu na upande mwembamba, kama sentimita 1.5 kutoka mwisho, tundu la kamba litahitajika, na tundu hilo hupatikana kwa kupitisha msumari wa inchi 6 kutoka upande mmoja wa kalibu hadi wa pili baada ya kiolezo kuondolewa. Kiolezo chenyewe kisiachwe ndani hadi udongo ukauke kabisa, kwa maana udongo husinyaa na kukibana; kitolewe kwa kukizungusha taratibu udongo unapokuwa umeshika lakini bado una ubaridi wa maji.

Kisha kalibu ikaushwe kivulini, baadaye juani, na mwishowe ichomwe kwenye makaa mpaka iive kama chungu. Hatua hii haina njia ya mkato. Risasi iliyoyeyuka ikikutana na maji, maji hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo hurusha risasi ya moto usoni mwa aliyeinama. Kalibu iliyokaushwa juani pekee, hasa wakati wa masika ambapo hata chumvi ya mezani hulowa, bado ina maji ndani yake. Hata iliyochomwa wiki iliyopita irudishwe kando ya moto ipate joto kabla ya kumimina.

Wako wanaotumia kopo la maziwa badala ya kalibu. Kwa chubwi ya haraka linafaa, ila lisiwe na lehemu kwenye mshono, kwa kuwa lehemu huyeyuka kabla ya risasi, na risasi ikamwagika miguuni.

Kabla ya kumimina, kalibu ifukizwe. Washa koroboi yenye utambi mrefu, igeuze kalibu mdomo chini juu ya moshi wake, na uache masizi yatande ndani hadi pawe peusi kote. Msumari nao ufukizwe kabla ya kupitishwa mahali pake. Masizi huzuia risasi kushikamana na udongo au chuma, tena huifanya isipoe mno inapogusa ukuta baridi. Mafuta yasitumike kwa kazi hii, kwani huungua na kutoa gesi inayoacha vishimo kwenye bildi.

Kuyeyusha na kumimina

Chombo cha kuyeyushia kiwe cha chuma kizito. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa madukani, hazifai, kwa kuwa alumini hulegea sana ikipata joto na kitako kinaweza kubomoka ghafla kwa uzito wa risasi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata kipande cha bomba nene jeusi, akakitia kitako na mkono mrefu kwa dakika chache; bomba lililopakwa zinki liachwe. Upawa nao uwe wa chuma, na mkono wake usiwe na plastiki.

Chagua mahali pa wazi ambapo upepo unavuma mfululizo, na ukae upande wa juu wa upepo, yaani wakati wa kusi, upepo wa kusini, uwe nao mgongoni na moshi ukielekea mbali nawe na mbali na nyumba. Vaa viatu vya kufunika, si kandambili, suruali ndefu ya pamba iliyoshuka juu ya kiatu isije ikawa mfereji wa kupokea matone, glovu za ngozi na miwani. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini. Usile, usivute sigara na usitafune tambuu hadi umalize na kunawa mikono kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tia risasi yote chunguni chungu kikiwa baridi. Kuongeza kipande baadaye ndiko kunakoleta maafa, maana chubwi ya zamani iliyookotwa ufukweni huwa na maji ya bahari kwenye nyufa zake yasiyoonekana kwa macho. Ikiwa hazikutosha, acha zilizoyeyuka zigande, ongeza, kisha anza upya.

Risasi ikishalainika, huanguka kwa ghafla na kuwa ziwa jeupe lenye utando. Tupia kipande cha nta ya nyuki kisichozidi ukubwa wa harage na ukoroge kwa kijiti kikavu, uso ukiwa mbali kwa sababu nta hiyo itawaka moto. Nta huirudisha risasi iliyokwishashika utando, na takataka hupanda juu zikiwa majivu ya kijivu. Ziopoe kwa upawa na uzitie kwenye kopo lenye kifuniko. Majivu hayo ndiyo sehemu yenye madhara kuliko zote, na hayatupwi shambani wala jalalani wala baharini. Kopo lijazwe kwa kazi kadhaa, kisha lipelekwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayepokea risasi, likiwa limefungwa.

Joto hupimwa kwa njiti ya ukuti. Ikichovywa na kugeuka kahawia polepole, risasi iko tayari. Ikishika moto mara moja, imezidi. Dalili nyingine ni rangi: risasi safi iliyozidi joto hutanda rangi ya dhahabu, kisha ya zambarau na buluu, na hapo moshi wake huongezeka. Punguza makaa badala ya kuendelea kupepea.

Simamisha kalibu kwenye karai lenye mchanga mkavu ili isianguke, na mmimino uwe mmoja, usiokatika, mpaka risasi ijae hadi ukingoni. Ukisita katikati, bildi itakuwa na mkunjo ambapo risasi ya pili haikushikana na ya kwanza, na siku moja itakatikia hapo. Risasi husinyaa inapoganda, kwa hiyo katikati ya uso wa juu, ambao ndio kitako cha bildi, patabonyea kwenyewe. Kwa chubwi watu hulijaza bonyeo hilo. Kwa bildi ni baraka, kwani ndio mwanzo wa shimo la shahamu. Acha ipoe mpaka ishikike kwa mkono mtupu, gonga msumari utoke, geuza kalibu na uipige kwa kipande cha mti.

Tone likikuangukia mwilini, mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20, usibandue risasi iliyoshika ngozi, na uende zahanati au hospitali ya Bombo.

Shimo la kitakoni

Bonyeo la asili halitoshi. Shimo liwe na upana wa sentimita 2.5 na kina cha sentimita 1.5 hivi, na muhimu zaidi ya vipimo hivyo ni kwamba ndani pawe papana kidogo kuliko mdomoni, ili shahamu ikishindiliwa isichomoke nzima bildi inapofyonzwa na tope. Tumia patasi ndogo au kisu imara na uchonge kwa vipande vikubwa. Tupa ya kunolea na msasa visitumike, kwa kuwa huzalisha vumbi, na vumbi la risasi ndilo tunalolikimbia. Fanya kazi hiyo juu ya gazeti, kunja gazeti na vipande vyake, uvirudishe kwenye akiba ya risasi. Mwisho kwaruza ndani ya shimo mistari ya kukatana, ili shahamu ipate mahali pa kung'ang'ania.

Laini kingo za tundu la kamba kwa mpini wa kijiko, maana ukali wake hukata kamba ndani ya msimu mmoja.

Shahamu

Sasa kwenye kiini cha kazi. Shahamu ya bildi inatakiwa iwe laini kiasi cha kupokea punje ya mchanga kwa uzito wa kilo 1.5, na ngumu kiasi cha kutoiachia inapopandishwa pima 20 ndani ya maji yanayokwenda. Mahitaji haya mawili yanapingana, na kwetu yanapingana zaidi kwa sababu ya joto. Maji ya pwani ya Tanga huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na ndani ya ngalawa saa saba mchana wa kaskazi ni moto zaidi.

Kwa sababu hiyo mafuta ya nazi yasahaulike kabisa: huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo pwani hii ni maji karibu mwaka mzima. Sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao za vyombo, nayo ni ya maji. Siagi ya kopo haistahimili. Grisi ya gari hunasa mchanga vizuri, hilo sitalikana, lakini weusi wake huficha rangi ya tope, ambayo ni sehemu ya habari unayoitafuta, na kila ukiifuta unaiacha baharini. Kipande cha sabuni ya mche kilichokandwa ni mbadala halali siku ambayo shahamu imekwisha, ingawa kila mtoso huilegeza.

Inayofaa ni shahamu ya ng'ombe au ya mbuzi iliyosafishwa na kuongezwa nta ya nyuki. Mafundi wa majahazi wanaifahamu vyema, maana ndiyo hiyohiyo inayochanganywa na chokaa kutengeneza deheni ya kupaka chini ya chombo. Kwa mchinjaji omba mafuta yanayozunguka figo, kwani ndiyo magumu kuliko ya sehemu nyingine. Yakate vipande vidogo, uyapike kwa moto mdogo pamoja na kikombe cha maji ili yasiungue, ukikoroga mpaka yabaki makapi tu. Chuja kwa kitambaa, kipande cha kanga kuukuu kinatosha, kwenye bakuli lenye maji ya moto yenye chumvi, kisha acha yapoe usiku kucha. Asubuhi utakuta bamba jeupe juu na uchafu umeshuka. Kwangua kitako cha bamba hilo, na ukipenda rudia mara ya pili. Shahamu yenye mabaki ya nyama huoza, hunuka, na huita kila sisimizi wa mtaa.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na shahamu ya ng'ombe kati ya 40 na 50, ndiyo maana nta huipa nguvu. Iliyosafi hutoka kwa wafugaji wa nyuki, na kwa mkoa huu Handeni ndiko karibu. Mishumaa ya dukani haifanyi kazi sawa, kwa sababu nta yake ya petroli ni kavu na humeguka badala ya kubonyea.

Kwa msimu wa kaskazi changanya sehemu 3 za shahamu na 1 ya nta. Kwa kusi, asubuhi zinapokuwa na ubaridi, sehemu 5 kwa 1. Vipimo hivi ni pa kuanzia, kwa kuwa shahamu ya mnyama mmoja si sawa na ya mwingine. Yeyusha ndani ya kopo lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, si juu ya moto wenyewe, maana mafuta yakishika moto hayazimwi kwa maji. Koroga hadi nta ipotee, epua, na uendelee kukoroga inapoganda ili nta isijitenge na kutangulia kukauka pembeni.

Kabla ya kuiamini baharini, ijaribu nyumbani. Chukua ndoo ya maji ya bahari, chini yake pawe na mchanga wa ufukweni wa vidole vitatu, na uiache kivulini mpaka joto lake lifanane na la hewa. Shindilia shahamu kwenye bildi, iteremshe kwa kamba, iinue kidogo na kuiachia mara mbili, ipandishe, kisha iburuze ndani ya maji kwa nguvu mkono mzima huku na huku. Ikiwa mchanga haukushika, ongeza shahamu. Ikiwa umeshika lakini shahamu yenyewe imevutika na kuning'inia, ongeza nta. Fanya marekebisho kidogo kidogo, kiasi cha kijiko kwa kila kopo, na uandike kipimo kilichokubali kwenye kifuniko.

Kuipaka na kuishindilia

Kuna mipako miwili hapa, na haifai kuichanganya. Wa kwanza ni wa mwili wa bildi, unaokukinga wewe na risasi na kuikinga risasi na utando mweupe wa chumvi. Huu ni wa nta karibu tupu, sehemu 9 kwa 1 ya shahamu. Osha bildi, ikaushe, iweke juani ipate joto, kisha ichovye yote kwenye nta iliyoyeyuka ukiishika kwa kamba, hesabu polepole mpaka kumi, itoe na uitundike ichuruzike. Bildi baridi ikichovywa hutoka na koti nene ambalo hubanduka kama ganda la yai. Iliyopata joto hutoka na koti jembamba lililoshikana. Ukiweza kutangulizia rangi ya mafuta mara mbili na kuiacha ikauke vizuri, nta itadumu zaidi, kwani hata hivyo mwamba utaikwaruza. Chongoa nta iliyoingia kwenye shimo la kitakoni, ili shahamu ishike kwenye mikwaruzo ya risasi.

Mpako wa pili ni shahamu ya shimoni. Kuijaza kwa kidole huacha mifuko ya hewa, na kwenye kina cha pima 10 maji huibana hewa hiyo na kuilegeza shahamu. Kifaa kizuri cha kuungaunga ni bomba la sindano la mililita 50 au 60 kutoka duka la dawa za mifugo. Kata ncha yake upate mdomo mpana, lijaze shahamu ikiwa bado ni uji mzito, na uiache igande humo. Unapotaka kuitumia, ishike mkononi dakika mbili ilegee, gusisha mdomo wa bomba chini kabisa ya shimo, kisha sukuma huku ukirudi juu taratibu, hivyo hewa hutangulia kutoka. Jaza mpaka shahamu ipande nusu sentimita juu ya ukingo, uikandamize kwa kijiti bapa cha mwanzi, na uiachie uso wa kibonge uliotokeza kidogo. Uso uliolingana na ukingo wa risasi hugusa mchanga tu, lakini kwenye mwamba risasi hutangulia na shahamu haisomi kitu.

Shimo lililolowa halishiki shahamu. Baharini, kausha kwa kitambaa kilichowekwa ndani ya mfuko wa plastiki, na uache shahamu ya jana chini kama msingi, ukibadilisha sehemu ya juu peke yake.

Kamba na kusoma

Kamba ya pamba iliyosokotwa au ya katani ni bora kuliko nailoni, ambayo huvutika na kudanganya. Iloweke usiku mzima na uivute ikiwa imelowa kabla ya kuitia alama kila pima, kwa kuwa kamba kavu ikilowa hubadilika urefu. Alama zitofautishwe kwa kugusa, si kwa rangi peke yake, kwa sababu mvuvi wa usiku husoma kwa vidole: ngozi yenye ncha mbili kwa pima 2, ncha tatu kwa pima 3, kitambaa cha pamba kwa 5, ngozi yenye tundu kwa 10, na kuendelea. Kilo 1.5 hutosha hadi pima 20 au 25 siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu. Nje ya miamba, kuelekea mkondo wa Pemba ambako sakafu hushuka kwa ghafla, bildi ya mkono haina kazi.

Itupwe kutoka omoni, mbele ya chombo, ili inapofika chini kamba isimame wima chombo kikiwa juu yake. Iinue na uiachie mara mbili, kisha ipandishe bila kusita na uitazame kabla ya kuigusa. Mchanga hushika kama msasa, na ukubwa wa punje huonyesha kama uko karibu na mdomo wa mto au nje. Tope hubaki kama rangi tu, na linusiwe, kwani tope jeusi la mikoko lina harufu yake. Vipande vya kombe na majani ya bahari ni habari njema kwa anayetafuta tasi. Shahamu iliyorudi tupu lakini ina michubuko na mabonyeo makali imegonga mwamba au matumbawe, mahali pa chewa na changu na pia mahali ambapo nanga haitakiwi kushushwa. Shahamu iliyorudi tupu na laini kama ilivyokwenda haikufika chini, au ni ngumu mno. Irudishe kwenye ndoo.

Baada ya kusoma, kata uso uliochafuka kwa kisu, uutie kwenye kopo na si majini, na uongeze shahamu mpya kwa bomba. Ukirudi bandarini, suuza bildi kwa maji yasiyo na chumvi na uitundike juu, mbali na chambo, chakula na watoto, mahali ambapo panya hafiki. Panya hula shahamu yote hadi mikwaruzo ya chini.